Mayai Mia Tatu na Mguu Mmoja

Trei kumi, mayai mia tatu,
nimezifunga nyuma kwa mpira wa tairi kuukuu,
na Valley Road imesimama mbele yangu
kama mtu anayedai kodi.

Saa moja kasorobo. Baridi ya Julai
imeushika usukani kabla yangu.
Tumboni chai ya rangi, maji sina:
maji ni uzito, nilisema Muthurwa, na uzito ninao.

Ndipo kigimbi cha kulia kikajipiga fundo,
fundo la kamba ya mbuzi
aliyevuta usiku kucha.
Siwezi kukanyaga. Siwezi kushuka.
Kuanguka ndiyo kabisa siwezi,
mayai mia tatu yananitazama mgongoni.

Kemunto wa ndizi akaacha beseni lake,
akaukamata usukani kwa mkono mmoja.
"Wewe wa mayai, usiupige ngumi!
Huo mguu umekukosea nini?"
Akaniketisha ukingoni mwa barabara.
"Nyosha goti. Vidole vivute vije kwako,
polepole, kama mtoto mwenye kisirani."

Nikavuta. Fundo likakataa.
Nikavuta. Likafikiri.
Kisha likaachia, uzi mmoja mmoja,
nami nikalia machozi mbele ya watu wa ofisini.

Alijifunzia wapi? Kwa miguu yake, alisema,
siku nzima wima, miaka kumi na minne.
Akanipa maji yenye chembe za chumvi,
mafunda madogo, si gugumio la punda.
Ndizi akaniuzia. Biashara ni biashara.

Jioni fundi Musembi hakuuliza habari ya mguu,
alitazama kiti.
"Hiki ulikishusha wewe?"
Nilikishusha, ndiyo, ili kwenye taa
nyayo zangu zifike lami, mayai yasiyumbe.
"Basi umepanda mlima umechuchumaa."
Akakipandisha vidole viwili, akakaza nati,
akanionyesha pa kukanyagia,
pale nyuma ya vidole, si katikati ya unyayo.
Hakutaka pesa. Alitaka mayai manne.

Wengine husema ni chumvi, wengine uchovu,
shemeji yangu anasema ni jini la ule mlima.
Msuli wenyewe hausemi. Hukaza tu.
Mimi nafanya yote, isipokuwa la jini.

Siku hizi siondoki kwa hasira.
Jogoo Road naiendea taratibu, damu ipate moto,
nakunywa kabla kiu haijanitafuta,
na chini ya mlima naegemeza baiskeli,
nasukuma ukuta wa watu, mguu mmoja nyuma,
kisigino chini, nahesabu hadi thelathini, trei nzima.
Bawabu ananiuliza kila siku:
"Unausukuma uende wapi?"
Na kona ya juu ikinishinda nashuka, natembea.
Aibu haivunji yai.

Bado huja, mara moja moja, usiku,
mwizi anayejua mlango.
Naruka kitandani, nasimama kwenye saruji baridi,
viganja kwenye bati la ukuta,
nasukuma mpaka chumba kizima kinalia kwii.
Nabwire anavuta blanketi lote upande wake.
Osebe, jirani, mtu wa mkokoteni,
anagonga kutoka kule kwake:
"Unahama?"
"Nanyosha kigimbi."

Kimya.
Kisha, upande wa pili wa bati,
nyayo mbili zinatua sakafuni,
na ukuta unanirudia taratibu mikononi,
kwii,
naye anasukuma.